Ukoga wa Meno na Maji ya Kusukutua ya Mimea

Mtu aamkapo asubuhi, kabla hajatia maji kinywani, na apitishe ulimi juu ya meno yake ya nyuma. Atahisi kitu laini chenye utelezi, mfano wa utando unaoota juu ya mawe ya mtoni. Kitu hicho ndicho kiitwacho ukoga. Hakiumi, wala hakimzuii mtu kula chakula chake, na kwa sababu hiyo watu wengi hukiacha kikae mahali pake. Lakini ukoga huo ndio unaoanzisha kutoboka kwa meno, na ndio unaofanya fizi zivimbe na kutoa damu. Katika uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa katika nchi nzima ya Kenya mwaka 2015, watu wazima 98 katika kila 100 walionekana kuwa na fizi zinazotoa damu. Basi jambo hili halimhusu mtu mmoja mmoja tu. Linahusu kila nyumba.

Siku hizi dawa za kusukutua kinywa zimekuwa nyingi. Katika maduka ya mjini zimepangwa chupa za rangi ya kijani na ya buluu, na nyingi zimechorwa majani ili mnunuzi ajue kuwa zimetoka katika mimea. Masokoni nako wako wauzao majani na magome ya kuchemsha. Wapo wauzaji wasemao ya kwamba mtu akisukutua asubuhi na jioni kwa maji hayo hana haja tena ya kujisumbua na mswaki. Neno hilo lina kweli nusu na kosa nusu. Yafaa kila mwenye meno aijue nusu iliyo kweli, apate faida yake, na aijue nusu iliyo kosa, asije akapoteza fedha na meno pamoja.

UKOGA NI KITU GANI?

Ukoga si mabaki ya chakula kama watu wengi wanavyodhani. Mabaki ya chakula mengi huondoka mtu akisukutua kwa maji matupu, ukoga hauondoki. Ukoga ni mkusanyiko wa vijidudu vilivyo hai, vya aina nyingi sana, vidogo hata jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja. Jino likiisha kusafishwa, mate hulipaka ngozi nyembamba mno, na baada ya saa chache vijidudu vya kwanza hushika juu ya ngozi hiyo. Hivyo vya kwanza huvipa vingine mahali pa kushika. Tena baadhi yake hutengeneza gundi kwa sukari aliyoila mtu, na gundi hiyo huviunganisha pamoja kama udongo unavyounganisha fito za ukuta. Haba na haba hujaza kibaba: siku zikipita pasipo kusafisha, huwako tabaka jeupe au la manjano linaloweza kukwaruzwa kwa ukucha.

Madhara ya tabaka hilo ni ya namna mbili. Kwanza, vijidudu vilivyomo hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha ganda gumu la jino kidogo kidogo mpaka likatoboka. Ndiyo maana mtu anywaye chai yenye sukari nyingi mara nyingi kwa siku huharibikiwa meno upesi kuliko yule alaye vitu vitamu mara chache pamoja na chakula. Pili, ukoga uliokaa kwenye mpaka wa jino na ufizi huukera ufizi. Ufizi huwa mwekundu, huvimba, na hutoa damu mtu apigapo mswaki. Ukiendelea kuachwa, kwa watu wengine ugonjwa huteremka chini mpaka kwenye mfupa unaoshika jino. Mfupa huliwa, jino hulegea, na mwisho huanguka ijapokuwa lenyewe halina tundu hata moja.

Tena kuna jambo la tatu. Ukoga ukiachwa siku nyingi, madini yaliyomo katika mate huingia ndani yake na kuugeuza kuwa mgumu kama jiwe. Ukiisha kuwa hivyo, hakuna mswaki, wala majani, wala chupa iwezayo kuuondoa. Kazi hiyo ni ya daktari wa meno na vyombo vyake.

MHOLANZI NA SIKI YAKE

Mtu wa kwanza kueleza habari za vijidudu vya ukoga hakuwa daktari. Alikuwa mwuza nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Bwana huyu alijifunza mwenyewe kutengeneza vioo vidogo vya kukuzia vitu, akavitazama vingi ambavyo macho ya watu hayajapata kuviona. Mwezi wa Septemba mwaka 1683 aliiandikia barua Royal Society, jamii ya wataalamu iliyoko London, kueleza aliyoyaona katika kinywa chake mwenyewe.

Leeuwenhoek alikuwa mtu msafi. Alisugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi, akayasukutua kwa maji, na meno ya nyuma akayafuta kwa kitambaa. Hata hivyo aliona katikati ya meno kitu cheupe kizito kama uji wa unga. Alipokichukua kidogo, akakichanganya na maji safi na kukitazama kwa kioo chake, aliona vijidudu vingi vikienda huku na huku kwa wepesi.

Ndipo akafanya jaribio ambalo faida yake haijaisha hata leo. Alitia siki ya mvinyo kinywani, akasukutua vizuri, kisha akasukutua kwa maji. Alipotazama tena ule ukoga uliobaki katikati ya meno, vijidudu hai vilikuwamo bado. Lakini alipochukua ukoga aliouvuruga ndani ya maji, akautilia siki kidogo, vijidudu vyote vikafa mara moja. Akafahamu sababu yake: ile siki aliyosukutua iliua vijidudu vilivyo juu tu, haikuweza kupenya mpaka ndani ya tabaka.

Miaka zaidi ya 300 imepita, na dawa zilizo bora kuliko siki zimepatikana, lakini shauri hilo la mwuza nguo halijatanguka. Dawa ya maji hugusa kilicho juu. Ukoga uliokwisha jengeka hulindana, tabaka la nje likilikinga la ndani. Hauna budi kwanza kubomolewa kwa kitu cha kusugua, ndipo dawa ipate njia.

Mkulima halioni jambo hili kuwa geni. Shamba lililokwisha liwa na magugu yaliyokomaa halitengenezwi kwa ndoo moja ya dawa. Jembe hutangulia, kisha dawa huzuia magugu mapya yasiote upesi. Vivyo hivyo katika kinywa: mswaki ni jembe, na maji ya kusukutua ni ile dawa ya baadaye.

YALIYOJULIKANA KWA KUJARIBU

Mwaka 1965 Profesa Harald Löe na wenzake walitangaza jaribio walilolifanya katika mji wa Aarhus, Denmark. Watu 12 wenye fizi nzima walikubali kuacha kusafisha meno yao kabisa. Ukoga ulikusanyika, na katika muda wa siku 10 mpaka 21 kila mmoja wao alikuwa amevimba fizi. Kisha waliamriwa kuanza tena kusafisha meno, na baada ya muda wa kama juma moja fizi zao zilikuwa nzima tena. Hapo ilidhihirika kwamba ukoga ndio unaoziumiza fizi, na kwamba ugonjwa huo, ukiwahiwa mapema, hupona kwa kazi ya mikono ya mtu mwenyewe.

Mwaka 1970 Löe pamoja na mwenzake Schiøtt walionyesha jambo jingine. Watu ambao meno yao yalikuwa yamesafishwa vizuri kwanza walipewa dawa iitwayo klorheksidini wasukutue mara mbili kwa siku, bila kupiga mswaki. Ukoga haukuota juu ya meno yao. Dawa hiyo haitoki katika mimea; hutengenezwa kiwandani. Lakini ndiyo iliyokuwa kipimo ambacho tangu hapo dawa nyingine za kusukutua, zikiwamo zile za mimea, hulinganishwa nacho. Msomaji na aangalie ya kuwa meno ya watu wale yalikuwa safi tangu mwanzo. Dawa ilizuia ukoga mpya. Haikuchimba ule wa zamani.

Jaribio la tatu liliwahusu watu wa shamba. Tangu mwaka 1970, kwa muda wa miaka 15, Löe na wenzake waliwafuata vibarua 480 wa mashamba ya chai huko Sri Lanka ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno. Habari zao zilitangazwa mwaka 1986. Watu 11 katika kila 100 hawakupatwa na ugonjwa zaidi ya kuvimba fizi. Watu 81 katika kila 100 waliharibikiwa polepole. Lakini watu 8 katika kila 100 waliharibikiwa upesi sana, na walipofikia umri wa miaka 45 walikuwa hawana jino kinywani. Wote waliishi pamoja, wakafanya kazi moja, na karibu wote walikuwa hawana meno yaliyotoboka. Jambo la kutisha ni kwamba mtu hawezi kujua tangu ujana kama yeye ni wa wale 11 au wa wale 8. Basi mzee asemaye, “Babangu hakupiga mswaki na alikufa na meno yake yote,” husema kweli juu ya baba yake, lakini neno lake si shauri la kumpa mtoto.

MIMEA ILIYOMO CHUPANI

Dawa za kusukutua zenye mafuta ya mimea si jambo la jana. Mwaka 1879, katika mji wa St. Louis, Marekani, daktari mmoja jina lake Joseph Lawrence alitengeneza dawa ya kuua vijidudu, ikaitwa Listerine kwa heshima ya Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyefundisha madaktari kusafisha vidonda kwa dawa. Hapo kwanza haikuwa dawa ya kinywa tu. Ilitumika kwa kazi nyingi, hata kusafishia vyombo vya upasuaji.

Nguvu ya dawa za namna hiyo imo katika vitu vinne. Cha kwanza ni thimoli, ambayo asili yake ni mafuta ya zaatari. Cha pili ni mentoli ya jamii ya nanaa, ile inayoleta ubaridi kinywani. Cha tatu ni mafuta ya mti ambao kila mkulima wa milimani katika Kenya anaujua, nao ni mkaratusi. Cha nne ni mafuta yenye harufu kali kama ya dawa ya kuchua misuli, ambayo zamani yalipatikana katika majani ya kichaka cha Marekani ya Kaskazini. Siku hizi baadhi ya vitu hivyo hutengenezwa viwandani, lakini ni vile vile.

Mafuta hayo huharibu ngozi za vijidudu na kuvifanya visishikane upesi. Majaribio mengi ya miezi sita au zaidi yamefanywa, na watu waliopiga mswaki kisha wakasukutua kwa dawa hiyo walionekana kuwa na ukoga mdogo na fizi zenye afya zaidi kuliko wale waliopiga mswaki na kusukutua kwa maji yasiyo na dawa. Basi ni kweli kwamba dawa ya mimea yaweza kupunguza ukoga. Faida hiyo, hata hivyo, ilionekana kwa watu wapigao mswaki. Dawa ilikuwa nyongeza juu ya mswaki. Haikukaa mahali pake.

Klorheksidini ina nguvu zaidi. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 51 ya dawa hiyo, wakaona kwamba hupunguza ukoga sana. Lakini huyapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula ikitumiwa kwa majuma mengi. Kwa hiyo ni dawa ya muda mfupi kwa shauri la daktari, mathalan baada ya upasuaji wa kinywa, wala si ya matumizi ya kila siku mwaka mzima. Hapo ndipo dawa za mimea zinapopata nafasi yake: nguvu zake ni ndogo, lakini hazina kero hiyo kubwa.

MIMEA YA KARIBU NA NYUMBANI

Mti wa kwanza kutajwa ni ule ulioupa mswaki jina lake. Mti wa mswaki huota katika nchi kavu, kama Turkana, Baringo na Garissa, na mizizi na vijiti vyake vimetumika kusafishia meno tangu kale katika Afrika, Arabuni na India. Ubora wake ni kwamba unafanya kazi mbili kwa mara moja: nyuzi zake husugua, na maji yake yana vitu vinavyovipinga vijidudu. Shirika la Afya Duniani limekubali utumike mahali ulipo desturi ya watu. Mtu mwenye mswaki wa mti, akiutafuna ncha mpaka ukawa kama brashi na kuufikisha mpaka meno ya nyuma na upande wa ndani, hana sababu ya kumwonea wivu mwenye mswaki wa dukani. Kosa la watu wengi ni kusugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana wakicheka, na kuyaacha ya nyuma yaliwe na ukoga.

Mti wa pili ni mwarobaini, ambao asili yake ni bara la Hindi na ambao sasa umeenea sana katika pwani ya Kenya. Jina lake limetokana na msemo wa kwamba hutibu maradhi arobaini. Majaribio ya maji ya kusukutua ya mwarobaini yamefanywa, hasa huko India, na baadhi yake yameonyesha ukoga kupungua karibu sawa na kwa klorheksidini. Lakini mengi ya majaribio hayo yalikuwa ya watu wachache na ya majuma machache, na kila mtu alitengeneza dawa kwa namna yake. Kwa hiyo yafaa kusema kwamba mwarobaini unaleta matumaini mema. Haifai kusema kwamba umekwisha shinda.

Karafuu ya Unguja na Pemba inajulikana na madaktari wa meno wa dunia nzima. Mafuta yake hutuliza maumivu, na yakichanganywa na unga wa zinki hutumiwa kuziba jino kwa muda. Lakini mafuta hayo yakipakwa matupu huunguza ufizi. Na mtu anayetuliza maumivu kwa karafuu kila usiku hajatibu jino. Amelinyamazisha tu, huku tundu likizidi kuchimbika.

Mmea wa nne haukumbukwi na wengi, ijapokuwa umo katika kila jiko. Nao ni chai. Majani ya chai, hasa yale ya kijani, yana vitu vinavyopunguza nguvu za vijidudu, tena yana floraidi. Chai isiyotiwa sukari wala maziwa, ikiisha kupoa, yaweza kutumika kusukutulia kinywa bila gharama kubwa. Ikitiwa sukari faida hiyo hugeuka kuwa hasara, kwa maana vijidudu vimeandaliwa karamu.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikiwa kimetoka katika mmea hakiwezi kudhuru. Dhana hiyo imeleta msiba katika nyumba nyingine. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwasumisha watoto wadogo waliopewa kuyanywa, wakapatwa na kutapika na kifafa. Mafuta ya mkaratusi vilevile ni sumu yakimezwa, hata yakiwa kidogo, kwa mtoto. Kwa sababu hiyo mafuta matupu ya mmea wo wote yasitiwe kinywani, na chupa yake ikae mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Maji ya kusukutua hutemwa, hayamezwi. Mtoto aliye chini ya miaka 6 asipewe, kwa kuwa bado hajui kutema vizuri. Mama mwenye mimba asinywe dawa ya mwarobaini.

Dawa nyingine za dukani zina spiriti. Mtu mwenye vidonda kinywani itamchoma, na mtu ambaye dini yake au afya yake inamkataza kileo yafaa asome maandishi ya chupa au amwulize muuzaji. Zipo zisizo na spiriti.

Pia kuna madoa ya kahawia ambayo si ukoga. Katika sehemu za Bonde la Ufa, kama Nakuru na Naivasha, maji ya visima vingi yana floraidi nyingi kupita kiasi, na watoto wanywao maji hayo wakati meno yao yanapoumbika hutoka meno yenye madoa. Madoa hayo yamo ndani ya ganda la jino. Hakuna jani wala maji ya kusukutua yawezayo kuyafuta, na kuyasugua kwa mchanga au mkaa huliharibu jino zaidi. Mzazi akitaka kumsaidia mtoto, na amtafutie maji mengine ya kunywa, kama maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri, tangu angali mdogo.

Mwisho, maji ya kusukutua huficha harufu. Mtu mwenye fizi zinazooza aweza kununua chupa baada ya chupa ili pumzi yake iwe nzuri ofisini, na chini yake mfupa ukaendelea kuliwa. Fizi zinazotoa damu zaidi ya majuma mawili ijapokuwa meno yanasafishwa vyema, jino linalolegea, usaha, uvimbe wa shavu, au kidonda kisichopona, hayo yote ni mambo ya kumpelekea daktari. Mwenye ugonjwa wa kisukari na mvuta tumbako wasikawie, maana fizi zao huharibika upesi kuliko za wengine.

UTARATIBU WA KILA SIKU

Mtu apendaye kuyalinda meno yake na afuate mambo haya machache.

Kwanza, asafishe meno mara mbili kila siku, asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa mswaki wa mti au wa dukani. Asugue polepole kwa muda wa dakika mbili, apitie upande wa nje, upande wa ndani na juu, na hasa pale jino linapokutana na ufizi. Damu ikitoka kidogo siku za kwanza asiogope akaacha. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili kwamba mahali pale palikuwa pameachwa.

Pili, apatapo dawa ya meno yenye floraidi aitumie, kwa sababu floraidi hulifanya ganda la jino liwe imara, na maji mengi ya mimea hayana kitu hicho. Akiisha kupiga mswaki kwa dawa hiyo, ateme povu tu, asisukutue mara moja, asije akaiosha floraidi kabla haijafanya kazi.

Tatu, maji ya kusukutua yawe na saa yake. Atumiaye mswaki wa mti bila dawa yenye floraidi aweza kusukutua mara amalizapo. Atumiaye dawa yenye floraidi na asukutue saa nyingine, kwa mfano mchana baada ya chakula. Za dukani zipimwe kama chupa inavyoagiza. Asiye na fedha za chupa aweza kutia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri ya maji ya uvuguvugu, ambayo hutuliza fizi zenye uchungu, au atumie chai kavu iliyopoa. Apendaye majani ya mwarobaini ayaoshe, ayachemshe, ayachuje, atumie maji yake siku ile ile na kuyamwaga yanayobaki.

Nne, apunguze mara za kula vitu vitamu kwa siku. Kijidudu kisichopewa sukari hakina cha kugeuzia tindikali.

Tano, akipata nafasi, amwone daktari wa meno hata kama haumwi, ili ukoga uliokwisha kuwa jiwe uondolewe.

Katika mambo hayo yote la kwanza ndilo kubwa, nalo ndilo lisilohitaji fedha nyingi. Kijiti cha mswaki na dakika mbili za subira viko katika uwezo wa karani wa mjini na wa mkulima wa kijijini. Maji ya mimea ni msaidizi mwema kwa yule aliyekwisha fanya kazi hiyo, lakini kwa yule anayeikwepa ni faraja ya pumzi nzuri tu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa nyumba hujengwa tena ukianguka. Jino la mtu mzima likianguka halioti tena.